Mgongo wa Fundi Vigae

9 Januari

Mpwa wangu Korongo,

Pokea salamu zetu, pamoja na za yule paka ambaye bado anajiona ndiye mwenye nyumba. Mkazamjomba wako mzima. Ameanza kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno, na sasa kila akinitazama naona anayatazama magego. Mama yako alipita Jumapili, akala, akalalamika kwamba humwandikii, akaondoka na mwavuli wangu. Kwa hiyo ukoo uko salama.

Mimi nami mzima, isipokuwa kijambo kidogo, na ndicho kilichonifanya nitafute kalamu. Mgongo wangu umeanza kugoma. Siumwi, usije ukampigia mama yako simu. Ni kugoma tu, kama mlango uliovimba kwa mvua. Daktari aliubonyezabonyeza, akaandika dawa, kisha akasema nifanye yoga. Nikadhani ni dawa ya pili, nikamwuliza nimeze mara ngapi kwa siku. Nesi alitoka nje kwenda kucheka.

Sasa hapa mjini nimeona mabango matatu ya yoga. Kila bango lina mtu mwembamba anayetabasamu huku miguu yake iko mahali pasipo pake. Nitajuaje lipi langu? Miaka thelathini na mmoja kazi yangu ni kupiga magoti kwenye mabafu ya watu na kupanga vigae. Najua kuchagua saruji, najua kuchagua mwiko. Hili la kuchagua mwalimu wa kunikunja sijui naanzia wapi. Wewe ndiye pekee katika ukoo huu uliyewahi kuifanya, na ile picha yako ya kusimama kwa mguu mmoja, iliyokupa jina la Korongo, bado iko kwenye mlango wa friji yetu.

Usinipigie simu. Kwenye simu mimi husema sawa, sawa, na nikikata sikumbuki hata neno. Andika, niiweke kwenye sanduku la vifaa.

Ni mimi mjomba wako.

3 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini nami nimekawia kujibu, niwie radhi. Maabara hapa hospitali tumebaki wawili, mwenzetu yuko likizo ya uzazi, na siku nzima jicho langu moja liko kwenye hadubini. Nikitoka naona watu wote wana madoadoa. Jirani wa juu anajifunza tarumbeta. Anajua nusu ya wimbo mmoja. Mpongeze Mkazamjomba kwa kazi mpya.

Haya, yoga. Kwanza ujue si moja, kama vile kigae cha ukutani si cha sakafuni. Kuna ya polepole, mnakaa kwenye mkao mmoja mkivuta pumzi kadhaa kabla ya kwenda mwingine. Wengi huiita hatha. Kuna inayotiririka, mkao unaingia kwenye mkao bila kusimama. Hiyo huitwa vinyasa. Kuna ya kufanyia kwenye chumba chenye joto kali. Kuna ya kutumia viti, mikanda na mablanketi, mwili usiofika chini unaletewa chini juu. Na kuna ya kupumzika tu, ambayo watu huidharau mpaka waijaribu. Kwa mgongo unaogoma, anza na ya polepole au ya viti.

Lakini jina la yoga lisikushughulishe kuliko mwalimu. Fika mapema, mwambie kuhusu mgongo wako kabla hujatandika mkeka. Akikuuliza swali, kaa. Akikuambia usijali utazoea, kunja mkeka wako urudi nyumbani.

Mimi sina jipya. Mambo ni yale yale.

Wako mpwa.

26 Februari

Mpwa wangu,

Tunaendelea vizuri. Paka amezaa, na kumbe siku zote tulikuwa tunamwita Bwana Mkubwa bure. Wako wanne, ndani ya kofia yangu ya kazi.

Barua yako ilinikuta nimeshaungua. Nilikuwa nimekwenda bango la kwanza, nikakuta chumba cha joto. Nilidhani wamesahau kuzima kitu. Watu thelathini wanachuruzika jasho kimyakimya kama wamekosa. Dakika ya kumi nikawa siioni sakafu kwa jasho, na wewe unajua mimi nisipoiona sakafu nachanganyikiwa. Nikatoka nikipapasa ukuta. Mpokezi aliniuliza kama nilifurahia.

Kisha ikaja barua yako, nikaisoma mara mbili, nikachagua bango la pili kwa sababu liko jirani na duka la gundi ya vigae. Usiniseme. Hiyo ilikuwa ile inayotiririka. Mwalimu ni kijana, nywele amezifunga juu ya kichwa kama kitunguu, ana mwili wa mjusi, na sina ubaya naye. Nilimwambia nina mgongo. Akasema, usijali mzee, utazoea. Nikakumbuka maneno yako, lakini wakati huo mguu wangu mmoja ulikuwa umeshatangulia hewani, na wenzangu wote walikuwa wameshatiririka mpaka ukurasa wa pili. Nimelala kitandani siku mbili, si kwa maumivu, kwa tahadhari.

Bado bango la tatu. Nalo lina mtu ananing'inia kwenye kitambaa kama popo. Sijui.

Mwalimu wako wewe ni wa aina gani? Hukusema.

Mjomba.

(Mkazamjomba wako hapa. Nimepewa bahasha niibandike stempu, nami nimeifungua. Hakukuambia kweli. Desemba mgongo ulimkamata yuko chini kwenye bafu la mteja, mwenye nyumba ameenda kazini. Alilala kwenye saruji toka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, simu iko kwenye koti alilotundika mlangoni, anaiona na haifikii. Tangu siku hiyo hajapanga kigae hata kimoja. Kila asubuhi anatoka na sanduku la vifaa, anakwenda kukaa kwenye benchi la bustani ya manispaa, jioni anarudi ananiambia kazi ilikuwa nzuri. Anadhani sijui. Mchagulie mwalimu kama vile unavyomchagulia mtoto shule.)

8 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini Bibi Mkubwa na wanawe hawajambo. Huku ni wazima. Tarumbeta imefika robo tatu ya wimbo.

Naandika kwa kifupi. Usirudi kwenye joto, usirudi kwa kijana wa kitunguu, na mtu wa popo mpite mbali. Hao huenda ni walimu wazuri kwa wengine, kwako hapana. Tafuta mtu ambaye maisha yake ameshughulika na miili iliyochoka. Muulize: mtu asiyeweza kuinama, unamfanyia nini? Kisha nyamaza umsikilize. Mwalimu anayekufaa hatakuonyesha anachoweza yeye. Atataka kuona unachoweza wewe. Na akikugusa, aombe ruhusa kwanza.

Halafu, Mjomba, ukienda kazini simu ikae mfukoni, si kwenye koti.

Mpwa wako.

19 Aprili

Mpwa wangu,

Sisi hatujambo. Watoto wa paka wamepata nyumba, mmoja kachukuliwa na daktari wa meno.

Umekaa muda bila jibu kwa sababu nilinuna. Nilipofika kwenye neno lako la simu na koti, nilijua bahasha yangu ilifunguliwa njiani, na njia yenyewe haikuvuka jiko langu. Nilinuna wiki moja na nusu. Mkazamjomba wako akaniacha ninune, akawa ananiwekea chai mbele yangu, kisha akaanza kila asubuhi kunifungia mkate wa kwenda nao bustanini. Siku ya tatu ya mkate nikaona aibu. Nikamwambia yote: lile bafu, ile saruji, jinsi nilivyokuwa nahesabu matone ya bomba nisilie. Nikamtazama, nikaona ni yeye anayelia. Basi tukaacha kununa.

Wiki hiyohiyo akanipeleka mahali ambapo hapana bango. Ni ukumbi wa juu wa shule ya ufundi, Jumamosi asubuhi. Mwalimu ni mkunga mstaafu. Ana miaka sabini na miwili, na nusu ya watu wa mtaa huu, mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa yake. Alianza yoga akiwa na miaka hamsini, magoti yake yalipokataa ngazi za wodi.

Nilimuuliza lile swali lako. Akasema, kwanza namuuliza kwa nini anataka kuinama. Kisha akanikalisha kwenye kiti robo saa nzima akiniuliza mimi: nalala ubavu gani, navaa viatu gani, naamkaje kitandani. Akaniambia nimwonyeshe ninavyopiga magoti kazini. Nikasema hapa sina kigae. Akachukua daftari la mahudhurio akaliweka sakafuni, akasema hicho ndicho kigae changu.

Korongo, sikuweza kushuka. Haukuwa mgongo. Ulikuwa woga. Nilisimama pale mwanaume mzima nalitazama daftari kama naangalia kisima. Wanafunzi wengine sita wakajifanya wanakunja mablanketi.

Hakuniambia jikaze. Alileta viti viwili, kimoja kulia kimoja kushoto, akasema, "Shika hivi. Mimi nashuka na wewe."

Na kweli akashuka, yule mama, magoti yanalia kama bawaba kavu. Tukawa tumetazamana kule chini kama watoto waliojificha. Akaniuliza nasikia nini mgongoni. Nikamwambia mgongoni sisikii kitu, ila sakafu hii aliyeipiga nta alikuwa na haraka. Akaanza kucheka, nami nikacheka, mwili wote ukatikisika mpaka kiuno, na hakuna kilichoniuma. Nilikaa chini pale, nadhani, dakika kumi. Sikutaka kuondoka.

Sasa nimekwenda mara nne. Mikao yetu ni midogo, ukitazama utasema tunasubiri basi. Lakini mara ya nne nilifunga kamba za viatu bila kukaa.

Na mimi niulize yangu. Barua mbili nimekusoma, unajua yoga yote kama kiganja chako, na hujanitajia mwalimu wako hata mara moja. Sikulazimishi. Lakini mimi nimeshasema ya bafuni.

Mjomba wako.

31 Mei

Shikamoo Mjomba,

Nilicheka na kulia kwenye barua yako, nikaisomea maabara nzima, yaani mtu mmoja. Mshike mkono yule mkunga kwa niaba yangu.

Nimeanza kukujibu mara tano. Leo namaliza.

Sina mwalimu. Sijakanyaga mkeka tangu Novemba. Mwaka jana nilijiunga na mafunzo ya kuwa mwalimu wa yoga, miezi tisa, kila Jumapili, na sikuwaambia kwa sababu nilitaka kuwashangaza nikiwa na cheti mkononi. Ikafika siku ya mtihani: kufundisha watu kumi na wawili, mbele ya walimu watatu. Nilifundisha saa nzima, sauti nzuri, pumzi nzuri, mpangilio mzuri, yote upande wa kulia. Mguu wa kulia mbele, mkono wa kulia juu, geukeni kulia. Hakuna aliyenishtua, maana walidhani ni mbinu mpya. Nilipomaliza, mama mmoja aliuliza kwa upole kabisa kama upande wa kushoto ni wiki ijayo.

Walicheka wote, na walimu pia. Hawakucheka kwa ubaya, leo naliona hilo. Siku ile nilijiona nimevuliwa nguo. Nikasema naenda kunywa maji, nikatoka, nikapanda basi bila viatu. Sikurudi hata kuvichukua. Mkeka uko nyuma ya kabati.

Kwa hiyo ushauri wote niliokupa, Mjomba, nilikuwa mpishi anayekuelekeza kupika huku jikoni kwake moto umezimwa miezi. Nisamehe kwa kukudanganya kwa kunyamaza.

Wako, asiyestahili tena jina la Korongo.

12 Juni

Korongo,

Salamu baadaye. Nilisoma barua yako mezani, nikafika pale pa wiki ijayo, chai ikanitoka puani. Mkazamjomba wako akaninyang'anya karatasi, naye alipofika hapohapo ikabidi akae. Tuwie radhi. Tukasoma mbele, tukafika kwenye basi, kicheko kikaisha. Mkazamjomba akasema angekuwepo angekuvalisha viatu vyake.

Nikupe yangu. Kazi yangu ya kwanza kuachiwa peke yangu ilikuwa stoo ya zahanati. Nilipanga vigae kuanzia mlangoni kwenda ndani. Kazi safi, pima maji inasema sakafu iko sawa kila mahali. Nilipoweka kigae cha mwisho nikageuka, nikaona niko kwenye kona, na sakafu yote mbichi iko kati yangu na mlango. Nilikaa juu ya ndoo toka mchana hadi jioni, wagonjwa wanakuja kunitazama. Mafundi waliniita Kona miaka minne. Kesho yake sikurudi kwa ushujaa, usidanganyike. Nilirudi kwa sababu nilikuwa nimeacha mwiko wangu mule ndani.

Habari nyingine: nimefanya kazi. Ukuta wa jiko, mita tatu za mraba. Kila vigae kumi nilisimama, nikavuta pumzi kama mkunga alivyonifundisha, mteja akadhani nasali. Nilimaliza kwa siku mbili badala ya moja, na nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Sasa kubwa zaidi. Mkunga anasafiri Agosti kwenda kuona vitukuu vyake pacha, Jumamosi mbili hayupo. Alipotuambia darasa litafungwa, mwenzetu mshonaji aliguna, dereva mstaafu akasema kiuno chake hakina likizo. Mkono wangu ukajinyoosha wenyewe, mdomo ukasema nina mpwa. Mkunga akauliza ni mwalimu? Nikasema amekaribia kuwa. Nikamsimulia yote, na lile la upande wa kulia pia. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mtu aliyeona haya kiasi hicho aliwajali wale watu. Mwambie aje."

Nimeshakubali bila kukuuliza. Kosa ni langu.

Mjomba wako Kona.

24 Juni

Mjomba,

Hapana.

Mpwa wako.

(Ni jioni ya siku ileile, bahasha bado iko mezani. Likizo yangu inaanza tarehe kumi Agosti. Muulize mkunga kila mwanafunzi anaumwa wapi, alifanya kazi gani, anaogopa nini. Mmoja mmoja. Niandikie yote, usifupishe.)

30 Agosti

Shikamoo Mjomba, na Mkazamjomba shikamoo,

Nimefika salama. Mwavuli wako nimeupata kwa mama na nimeuacha nyuma ya mlango wenu. Mama ameshajua yote. Alinuna kwa nusu saa kwamba yeye ndiye wa mwisho, kisha akauliza kama Jumamosi kuna nafasi. Tarumbeta huku imemaliza wimbo. Nilipiga makofi dirishani, jirani akainama kama msanii.

Nataka niandike mambo ambayo sikuyasema nikiwa mbele yenu, maana mbele yenu nilikuwa nacheka tu.

Jumamosi ya kwanza, pale kwenye ngazi za shule, ulitangulia nami nikabaki chini. Nilihesabu vidato vyote nikitafuta sababu ya kurudi. Nikasikia huko juu mnavuta viti, mshonaji anasema wekeni duara ili atuone wote. Mlikuwa mnanitayarishia mahali, na mtu akitayarishiwa mahali hawezi kuondoka. Nikapanda.

Niliwaambia ukweli kwanza: kwamba mimi nasahau kushoto, atakayeona anikumbushe. Sikujua mtalichukua kama kazi ya ajira. Kila nilipomaliza upande wa kulia, watu saba mliita kushoto kwa pamoja, mpaka walio kwenye karakana ya chini wakagonga dari. Sijawahi kufundisha nikicheka namna ile. Na nilipomwona dereva mstaafu, ambaye niliandikiwa kuwa anaogopa kufumba macho, nikamwambia ayaache wazi, akashusha mabega kama aliyetua mzigo, nilijua nimepata kazi yangu. Nimeshajiandikisha kwa mtihani wa Oktoba. Walimu wamenijibu kwamba viatu vyangu bado viko kwao.

Lakini iliyobaki moyoni ni Jumamosi ya pili. Mlipolala chali mwishoni, macho yamefumbwa isipokuwa ya dereva, nikapita kuwafunika mablanketi. Nilipofika kwako nilitazama magoti yako, Mjomba, ngozi yake ngumu, na saruji bado imekaa kwenye mikunjo ya vidole. Ulikuwa umelala fofofo. Umelala chini, sakafuni, mikono wazi, kama mtu ambaye hajawahi kuiogopa. Nilisimama pale mpaka nikasahau muda.

Saa ya kumaliza ikapita. Dakika tano, kumi. Sikuwa na moyo wa kuwaamsha. Mlango ukafunguka, akaingia mlinzi wa shule, yule baba mrefu mwenye rungu, amekuja kutuambia ukumbi unatakiwa. Akawatazama pale chini, akaniuliza kwa kunong'ona, "Wote wamelala?"

Nikamwambia wamelala.

Akageuka akatazama korido, akatazama saa yake. Kisha akaegemeza rungu ukutani, akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango, akajilaza kwenye mkeka uliobaki karibu na dirisha. Mablanketi yalikuwa yamekwisha. Nikavua sweta yangu nikamfunika.

Wenu Korongo.